Shajara ya mradi wa laureli: kupanda, kukausha, na kutafuta jani lenye harufu

Februari. Swali lenyewe

Jani la laureli lina watu wasioliamini kabisa. Wanasema unalitia sufuriani, unalitoa, na chakula kinabaki vilevile. Wengine hawapiki supu bila hilo. Nashindwa kuamini kwamba pande hizi mbili zinazungumzia jani lenye hali moja, na mradi huu umeanzia hapo. Nitaotesha miche, nitavuna kwenye miti miwili mikubwa iliyo tayari vyunguni, nitakausha majani kwa njia tofauti, nitayalinganisha na ya dukani, na yote nitayaandika humu. Ninachoshuku ni kwamba mti hauna lawama kubwa. Harufu hupotea kati ya mkasi na sufuria.

Mti ninaousema ni Laurus nobilis. Jikoni wengi wanayajua majani yake kama yanavyoandikwa kwenye pakiti, "bay leaf". Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na ni wa ukoo mmoja na mdalasini na mparachichi. Hauangushi majani yote kwa pamoja, kwa hiyo ni wa kijani mwaka mzima. Ukiachwa ardhini hupita mita 10, ila chunguni unakubali kupogolewa na kubaki kimo cha mtu kwa miaka mingi. Hukua polepole mno. Anayetaka kivuli cha haraka apande kitu kingine.

Machi. Mbegu

Mlaureli una miti dume na miti jike. Yote hutoa maua madogo ya manjano hafifu yanayojikusanya kwenye makwapa ya majani, lakini matunda huonekana kwenye mti jike tu, tena dume awe jirani. Mwenye mti mmoja uani anaweza kungoja matunda maisha yake yote.

Tunda likiiva huwa jeusi na hung'aa, urefu wake unazidi sentimita 1 kidogo, na ndani mna mbegu moja iliyojaa. Mbegu hii si ya kuweka kwenye bahasha hadi mwakani: ikikauka, hufa. Ndiyo maana mbegu kavu za pakiti ni bahati nasibu, na ndiyo maana nimetumia matunda yaliyochumwa karibuni. Nimemenya nyama yote, kwa kuwa huchelewesha kuota na kukaribisha ukungu, nikaziloweka usiku kucha, kisha nikazizika si kwa kina katika mchanganyiko wa mboji na mchanga mkubwa. Trei iko kivulini chini ya nailoni. Zinaweza kuota baada ya wiki chache, zinaweza kukaa hadi miezi 6, na mbegu za mti mmoja hazioti kwa pamoja.

Sababu kubwa ya kutotegemea mbegu ni nyingine. Kila mche wa mbegu ni mti mpya wenye tabia zake, na hutajua kama ni dume au jike hadi uchanue, miaka mbele. Ukiwa na mti wenye majani mazuri na unataka mwingine kama huo, unachukua tawi lake.

Aprili. Vipandikizi

Nimekata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 kutoka matawi ya msimu huu ambayo chini yameanza kuwa magumu na juu bado yanapinda. Laini tupu huoza, na gumu tupu hukaa tu bila kufanya lolote. Vingine nimevikata kwa mkasi chini ya kifundo, vingine nimeving'oa kwa kuvivuta viondoke na kijipande cha gome la tawi mama. Majani ya chini nimeyaondoa, mawili matatu ya juu nimeyabakiza na kuyakata nusu ili yasipoteze maji mengi wakati kipandikizi hakina mizizi ya kunywa.

Nusu yao nimevichovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, nusu sikuvichovya. Udongo ni mchanga mkubwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, bila mbolea. Udongo wenye rutuba hapa hulisha vijidudu vya kuozesha kabla haujalisha mmea.

Mei. Trei

Vipandikizi kadhaa vimeanza kuwa vyeusi kutoka chini. Nimeving'oa na kuvitupa mbali kabla havijaambukiza majirani. Vilivyobaki ni vya kijani, lakini kwa laureli ukijani si habari. Kipandikizi kinaweza kukaa miezi na majani yake mazuri, ukikivuta kinatoka bila hata uzi mmoja wa mzizi.

Mbegu: kimya.

Juni. Mizizi juu ya tawi

Leo nimefanya njia ninayoiamini kuliko zote, kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini. Tawi la unene wa penseli, lililonyooka. Nimevua gome kwa duara, upana wa sentimita 2 au 3, na kukwangua utando wa kijani unaoteleza uliobaki juu ya mti, maana ukiachwa gome litaunga tena na kazi yote itakuwa bure. Juu ya kidonda nimefunga konzi ya makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, nikazungushia nailoni, nikakaza pande zote mbili, na nje nikaweka nailoni nyeusi ili ndani kuwe giza.

Njia hii inafaulu kwa sababu maji hupanda kupitia mti wa ndani, na huo haujaguswa, kwa hiyo majani hayanyauki. Sukari inayotengenezwa na majani huteremka kupitia gome. Ikifika penye kidonda inakosa njia, inajikusanya hapo pamoja na homoni za mmea, na mizizi huchipuka ukingoni mwa gome la juu. Kipandikizi cha trei kinalazimika kujitegemea tangu siku ya kwanza, ilhali tawi hili linalishwa na mama yake hadi liwe na mizizi yake. Gharama yake ni kwamba tawi zima linatoa mche mmoja, na mti mdogo hauna matawi mengi ya kutoa sadaka.

Julai. Wageni

Niliona sisimizi kwanza. Wanapanda na kushuka kwenye shina la mti mmoja kwa bidii ya watu wenye mkataba. Sisimizi hawali laureli, kwa hiyo nikageuza majani. Chini yake, kandokando ya mshipa mkuu, wamelala wadudu magamba: vipele bapa vya kahawia ambavyo mtu anaweza kudhani ni sehemu ya jani. Wananyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi wanayachukua na kuwalinda wanyonyaji dhidi ya maadui zao. Yanayodondokea majani ya chini huota ukungu mweusi kama masizi.

Kwa jani la kupikia hili ni suala la ubora moja kwa moja. Gamba likikauka pamoja na jani halitoki, na ukungu mweusi haumhamasishi mtu kupika. Dawa za sumu sitaki kuziweka kwenye kitu kitakachochemshwa na kunywewa mchuzi wake. Nimefuta jani kwa jani kwa kitambaa na maji ya sabuni isiyo na manukato, nikasuuza, na shina nimelizungushia utepe unaonata ili sisimizi wasipite. Ni kazi ya kuchosha, lakini mti wa chunguni unaruhusu. Mwenye shamba atahitaji mafuta ya kunyunyizia mimea na uvumilivu.

Mti wa pili una tatizo tofauti: majani machanga yamejikunja ukingo mmoja, yamevimba, yamekuwa ya manjano. Ukikunjua unakuta vidudu vidogo vyenye nta nyeupe. Huyu ni Trioza alacris, mdudu mnyonyaji aliyejitolea kwa laureli hasa. Nta na ule mkunjo vinamkinga na maji ya sabuni, kwa hiyo kumnyunyizia ni kupoteza muda. Nimekata majani yote yaliyokunjwa na kuyachoma. Mti hauuawi na mdudu huyu, ila majani yake hayafai kuuzwa wala kutunzwa.

Kitu kinachoua kweli mlaureli wa chunguni ni maji yaliyotuama. Mizizi huoza, majani hupauka, na mwenye mti akiona yamepauka anazidi kumwagilia. Vyungu vyangu viko juu ya matofali, matundu wazi, na simwagilii hadi udongo wa juu ukauke.

Mbegu mbili zimechomoza.

Agosti. Kuvuna na kukausha

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naingojea.

Jani la kuvuna ni lililokomaa: kijani kilichokolea, gumu, likipindwa linarudi. Majani machanga ya nchani yana rangi ya kupendeza na harufu ndogo, na yakikauka husinyaa. Nimevuna asubuhi baada ya umande kukauka, kabla jua halijawa kali. Nimekata vitawi vizima badala ya kunyofoa majani, ili kuvuna kuwe ndiyo kupogoa.

Harufu ya laureli ni mafuta tete yaliyohifadhiwa katika seli maalumu ndani ya jani. Katika jani kavu mafuta hayo mara nyingi ni kati ya asilimia 1 na 3 ya uzito. Sehemu yake kubwa ni sineoli, ileile inayotawala harufu ya mkaratusi, na pamoja nayo kuna linaloli yenye harufu ya maua, na eujenoli inayokumbusha karafuu. Neno "tete" ndilo la kushika: vitu hivi huruka. Kukausha jani ni kuyatoa maji na kuyazuia mafuta yasitoke pamoja nayo, na moto na jua havijui kutofautisha hayo mawili.

Nimegawa mavuno ya mti mmoja katika mafungu.

Fungu la juani lilikauka haraka na kuwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Majani yamejikunja, yanavunjika ovyo, na ukilivunja jani puani unapata nyasi kavu.

Fungu la oveni, moto wa chini kabisa ninaoweza kupata, lilibaki na rangi nzuri. Jikoni kote kulinukia laureli, na kila aliyeingia alisifu. Mimi sikufurahi. Harufu iliyojaa jikoni ni harufu iliyokwisha kutoka kwenye jani.

Fungu la kivulini nimelitandaza tabaka moja juu ya wavu, chumbani penye hewa inayopita, mbali na dirisha la jua. Yalipoanza kukakamaa nikaweka ubao mwepisi juu yake. Bila ubao majani hujikunja, na jani lililojikunja huvunjika ndani ya chupa, na jani lililovunjika hupoteza harufu upesi kwa sababu seli za mafuta zimepasuka. Ilichukua takribani wiki mbili. Rangi ni kijani cha zeituni, kikavu, kisichong'aa. Likipindwa linakatika kwa mlio mmoja mkavu, na hicho ndicho kipimo cha ukavu ninachotumia. Linalopinda bila kukatika bado lina maji na litaota ukungu chupani.

Fungu la mwisho niliacha mabichi, kwa ajili ya kulinganisha.

Septemba. Majani ya dukani

Nimekusanya pakiti za aina mbalimbali na kuzimwaga mezani, kila moja kwenye karatasi yake. Kiasi kikubwa cha laureli inayouzwa duniani hutoka Uturuki, ambako sehemu kubwa huvunwa kwenye vichaka vya asili vya pwani na milimani kuliko kwenye mashamba ya kupandwa. Maana yake ni kwamba pakiti moja inaweza kuwa na majani ya miti mingi yenye nguvu tofauti. Kuna kiwango cha kimataifa cha laureli, ISO 6576, kinachohusu majani mazima na yaliyosagwa, lakini mnunuzi wa kawaida anabaki na macho na pua.

Ninachokiangalia kwanza ni rangi. Kijani cha zeituni ni dalili njema. Kahawia au manjano ni jani lililochomwa na jua au lililokaa sana rafuni. Pili, uzima: vipande na unga chini ya pakiti vinamaanisha lilishughulikiwa vibaya. Tatu, mgongo wa jani. Pakiti moja ilikuwa na magamba ya wadudu mengi kiasi kwamba nilimwita mume wangu aje aone, naye akaniuliza, "Mama watoto, na hili tumekuwa tukilila siku zote?" Nikamjibu hatulili, tunalichemsha tu. Hakuridhika. Nne, vunja jani. Harufu isipofika puani kwa kishindo hapo hapo, haitafika sufuriani.

Pakiti mojawapo haikuwa laureli kabisa. Majani yake ni makubwa zaidi, na badala ya mshipa mkuu mmoja wenye mishipa midogo inayotoka pembeni, yana mishipa mitatu mirefu inayotoka karibu na kikonyo na kwenda sambamba hadi karibu na ncha. Hilo ni Cinnamomum tamala, jani la India, ndugu wa mdalasini, na harufu yake ni ya mdalasini kweli. Ni kiungo kizuri chenye heshima yake. Kosa ni kuuza moja kwa jina la lingine, maana mapishi yaliyoandikiwa hili hayatakwenda sawa na lile. Kuna pia Umbellularia californica wa Marekani, jani jembamba zaidi lenye ukingo ulionyooka, kali mno kiasi kwamba kulinusa kwa nguvu huwaletea watu maumivu ya kichwa. Anayelitumia apunguze sana. Ukingo wa laureli yenyewe una mawimbi madogo ukiutazama kwa makini.

Hayo ni majani ya kukosea na ukaishi. Yapo mengine. Prunus laurocerasus hupandwa kama ua wa uzio na kwa jina huitwa laureli katika lugha kadhaa. Jani lake ni kubwa, nene, linang'aa kama lililopakwa nta, na ukilisaga linanuka lozi chungu. Harufu hiyo inaambatana na sianidi inayotoka jani linapojeruhiwa. Oleanda, Nerium oleander, ina majani marefu membamba yanayotoka matatu matatu mahali pamoja na yana sumu ya moyo. Majani ya laureli hutoka moja moja, kwa kupishana upande huu na huu. Kanuni yangu haina mjadala: jani la uzio usioujua halipandi jikoni, hata likifanana vipi.

Oktoba. Sufuria

Majaribio ya ladha nimeyafanya kwenye maji matupu na kwenye maziwa, kwa sababu kwenye mchuzi wenye vitunguu na viungo vingine kila jani litajificha. Vikombe vilikuwa na alama chini ili mwonjaji asijue kipi ni kipi.

Jani bichi limetoa uchungu ulioshinda harufu. Baadhi ya wapishi wanalipenda hivyo, mimi silipendi. Kukausha hupunguza uchungu huo, na jani la kivulini lililopumzika wiki chache chupani lilikuwa bora zaidi ya lilelile lilipotoka kwenye wavu. La oveni lilifuata, dhaifu ila safi. La juani halikutambuliwa na yeyote. Mwonjaji alisema kikombe hicho ni maji tu, na kwa kweli ni hao wasioamini laureli wanaozungumzia kikombe hicho.

Muda nao unasema mengi. Baada ya dakika 5 za kuchemka polepole, maji yalinuka mkaratusi, harufu ya dawa ya kifua. Ningeishia hapo ningesema jani hili halifai chakula. Kufikia dakika 45 ule ukali wa sineoli umeruka na kimebaki kitu chenye uzito, kati ya chai na maua. Laureli ni kiungo cha vyakula vinavyokaa motoni. Kulitia jani sufuriani dakika za mwisho ni kuchukua sehemu yake mbaya na kuiacha nzuri. Na kwenye maziwa harufu ilishika kuliko kwenye maji, kwa sababu vitu hivi huyeyuka vizuri katika mafuta.

Jani halilainiki hata likichemka saa nzima. Hubaki gumu lenye ncha, na madaktari wamewahi kuondoa majani ya namna hii yaliyokwama kooni na tumboni. Kwa hiyo hutiwa likiwa zima, huhesabiwa, hutolewa lote kabla ya kupakua. Laureli ya unga inaondoa shida hii, ila hupoteza nguvu haraka sana baada ya kusagwa, na ukizidisha kidogo chakula kinakuwa kichungu.

Novemba. Chupa, matunda, na mengine

Majani yaleyale ya kivulini nimeyahifadhi kwa namna mbili: chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ndani ya kabati lenye giza, na bakuli wazi karibu na jiko, mahali ambapo watu wengi huweka viungo vyao. Ya bakuli yameanza kupauka na harufu imeshuka waziwazi. Ya chupa bado yako vizuri. Fungu lingine liko kwenye friza.

Matunda nimeyaacha mtini. Mafuta yake, pamoja na mafuta ya zeituni, hutengenezea sabuni ya Aleppo, mji wa Syria, ufundi ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2024 kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Matunda yangu hayatoshi hata kipande kimoja.

Kuweka majani kwenye unga na nafaka ili kufukuza wadudu: mafuta tete ya laureli yaliyotolewa kwenye jani yana nguvu ya kuwafukuza baadhi yao, lakini majani mawili kavu ndani ya debe ni kitu kingine. Mimi ningetegemea debe linalofunga vizuri.

Desemba. Hali ya miche

Tawi lililofungwa makumbi limejaza nailoni kwa mizizi myeupe. Nimelikata chini ya fundo, nikalipanda bila kutikisa makumbi, na kupunguza majani kwa theluthi. Kati ya vipandikizi, vilivyoota mizizi karibu vyote ni vya upande wa homoni, na vile vilivyong'olewa na kijipande cha gome vimewapita vilivyokatwa kwa mkasi. Miche ya mbegu iko michache, kila mmoja na umbo lake, na mmoja una majani mapana yenye harufu kali kuliko mama yake. Huo nitaufuatilia peke yake.

Wadudu magamba wamerudi kwenye tawi moja la juu. Utepe unaonata ulikuwa umejaa vumbi na sisimizi wameupita. Nimeubadilisha, na kuanzia sasa nitaukagua kila ninapomwagilia. Miche mipya inahamia vyungu vya sentimita 15, mavuno yote yajayo yanakwenda kivulini chini ya ubao, na kila chupa itaandikwa mwezi wa kuvunwa ili nijue ni lini jani la kabatini linaacha kustahili nafasi yake.